Akili ya mama kabla na baada ya kujifungua: mwongozo kamili wa kutafuta msaada, hatua kwa hatua

Mjamzito akitimiza miezi saba, kliniki tunampa orodha ya vifaa: kanga, glovu, pamba, mpira wa kutandika, nyembe, vibana kitovu, beseni, nguo za mtoto. Wapo wanaonunua vyote wiki hiyohiyo na kuweka begi mlangoni. Wapo wanaokuja leba na mfuko wa rambo wenye kanga moja. Wote tunawapokea. Ila kwa miaka yote niliyofanya ukunga, kwenye orodha ile sijaona mstari unaouliza: mawazo yakikuzidi usiku wa manane, utamwamsha nani?

Na mimi nilichelewa kuuliza. Kuna mama alikuja wiki ya sita kwa chanjo. Mtoto mnene, mstari wa kadi unapanda vizuri. Nikamwambia hongera, nikaandika kilo, nikaita anayefuata. Alipoinuka ndipo nikaona miguu yake: kandambili moja ya bluu, nyingine nyekundu, zote mbili za mguu wa kushoto. Nikatabasamu, nikadhani ni haraka za asubuhi. Baada ya wiki mbili mama yake mzazi alimleta akiwa hajala siku ya tatu, anajibu kwa kutikisa kichwa tu. Mtoto bado alikuwa mnene. Mzani wetu ule wa kuning'inia ulimpima mtoto vizuri kila alipokuja, na hakuna aliyempima aliyembeba.

Kwa hiyo huu ni mwongozo ambao ningempa mama yule. Jambo kubwa nililojifunza ni kwamba msaada unaanzia kwenye kliniki ileile unayokwenda kwa presha na chanjo, mradi ufungue mdomo. Huna haja ya kusubiri mpaka upelekwe hospitali kubwa ukiwa umeshikwa mikono na ndugu wawili.

Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa duniani kote kama wajawazito 10 kati ya 100, na 13 kati ya 100 waliojifungua karibuni, wanapata tatizo la afya ya akili, hasa sonona, yaani huzuni nzito au kukosa hamu kunakodumu. Kwa nchi zinazoendelea makadirio ni asilimia 15.6 wakati wa ujauzito na 19.8 baada ya kujifungua. Benchi letu la kliniki linakaa akina mama watano. Hesabu mwenyewe.

Hatua ya kwanza: jua unachokiona

Siku ya tatu hadi ya tano baada ya kujifungua, wazazi wengi sana hulia bila sababu. Maziwa yanaingia, homoni zinashuka ghafla, mshono unauma, na mtu akiuliza tu "umekula?" machozi yanatiririka. Hiyo si sonona. Hupita yenyewe ndani ya wiki mbili ukipata usingizi, chakula na watu wa kukuliwaza.

Yakivuka wiki mbili, au yakiwa mazito tangu mwanzo, hapo tunazungumzia kitu kingine. Sonona ya uzazi inaweza kuanza wakati wa mimba au mwezi wowote wa mwaka wa kwanza, na si lazima ije na machozi. Wengine wanakuja na hasira: anamfokea mtoto mkubwa kwa kumwaga maji, kisha anajifungia chooni. Wengine hawasikii kitu chochote, wanamtazama mtoto kama mzigo wa jirani walioachiwa. Wengine ni wasiwasi mtupu: anaamka mara ishirini kusikiliza kama mtoto anapumua, na hata mtoto akilala yeye halali. Mwili nao unasema kwa lugha yake, kichwa kinagonga, moyo unaenda mbio, mgongo unawaka moto. Akina mama wengi huku kwetu watakuja kulalamikia mgongo kabla hawajataja moyo.

Kuna jambo moja linaloogopesha sana ambalo watu hawasemi. Unapita na mtoto karibu na jiko, picha inakujia kichwani: nimemwangusha kwenye sufuria. Au unashika kisu cha kukatia vitunguu na wazo baya linapita. Unatetemeka, unaficha visu, unaanza kuogopa kubaki na mtoto peke yako. Mawazo ya namna hii yanawapata wazazi wengi, hata wasio na sonona. Kule kuogopa kwako kunaonyesha kwamba huyataki. Mwambie mhudumu, kwa sababu yakikuganda yana tiba, na kuyataja hakukufanyi mama mbaya. Hali ni tofauti kabisa pale mama haogopi wazo hilo bali analiamini, anaposema mtoto huyu amebadilishwa, au ameamriwa kufanya jambo. Hiyo ni dharura, nitaieleza mbele.

Hatua ya pili: ukiwa bado na mimba, andaa watu kama unavyoandaa vifaa

Hudhurio la kwanza au la pili, sema historia yako yote. Je, uliwahi kuwa na sonona? Uliwahi kulazwa kwa ugonjwa wa akili? Mimba iliyopita ulichanganyikiwa baada ya kujifungua? Mama yako au dada yako? Una ugonjwa wa hisia kupanda na kushuka? Haya mawili, kuchanganyikiwa kwa uzazi uliopita na huo ugonjwa wa hisia, ndiyo yanayopandisha sana hatari ya kichaa cha uzazi, na mama huyu anatakiwa awe na mpango na daktari kabla ya leba. Akina mama wanaficha kwa kuogopa nesi atawatangaza. Ninawaelewa. Kama unaogopa sikio la pili chumbani, omba: "Nesi, naomba tuongee wawili tu."

Kisha chukua karatasi, andika majina manne, uiweke kwenye begi la kujifungulia pamoja na kanga:

1. Mtu wa usiku. Anayepokea simu saa nane usiku bila kukuuliza kwa nini hujalala.
2. Mtu wa mikono. Anayefua, anayepika, anayembeba mtoto mkubwa.
3. Mtu wa kliniki. Nesi, mhudumu wa afya ngazi ya jamii au mshauri nasaha mmoja ambaye umeshaongea naye, una namba yake.
4. Mtu wa kukuona. Anayekujua tangu zamani, ambaye umempa ruhusa kabisa: "Ukiniona nimebadilika, usiniulize kama niko sawa. Nipeleke."

Huyo wa nne ndiye wa maana kuliko wote, na ndiye anayesahaulika. Mtu aliyezama kwenye sonona hajioni. Anadhani ni uvivu, au kwamba Mungu amemwacha.

Na hapahapa kaeni mzungumze, wewe na mwenzako, utalelewa uzazi wapi. Kwa mama yako? Kwa mama mkwe? Nyumbani kwako na mdogo wako aje? Nimeona ndoa zikitikisika siku ya kumi kwa sababu kila upande ulidhani umeshakubaliwa. Kama wewe na mama mkwe hamuelewani hata kwenye chumvi, siku arobaini chini ya paa lake si mahali pa kuanza kuelewana.

Kama nyumbani kuna kipigo au matusi, usisubiri. Mimba huwa haimtulizi mtu wa namna hiyo. Tanzania kuna dawati la jinsia na watoto kwenye vituo vya polisi, na baadhi ya hospitali zina kituo cha mkono kwa mkono, ambapo matibabu, ushauri na polisi viko sehemu moja. Huwezi kutibu sonona huku chanzo kinarudi kila jioni na ufunguo wa mlango.

Hatua ya tatu: siku arobaini zitumike vizuri

Wazee wetu hawakuwa wajinga. Pwani mwanamke akijifungua anaitwa mzazi, na mzazi hafanyi kazi. Anakandwa, anapewa uji wa pilipili manga, analala mchana. Uchagani anapikiwa mtori. Ukichambua mila hizi utakuta ndani yake mambo matatu ambayo kitabu chochote cha afya ya akili kitakupa: chakula, pumziko, na kutoachwa peke yako.

Tatizo ni kwamba siku hizi tumebakiza jina la arobaini tukaondoa watu. Mama yuko chumba kimoja cha kupanga, mume anatoka saa kumi na mbili asubuhi, mama mzazi yuko mkoani, dada wa kazi ana miaka kumi na saba na mwenyewe anahitaji kulelewa. Wageni wanakuja, lakini wanakuja kutazama mtoto na kunywa soda, na mzazi ndiye anayewafungulia.

Kwa hiyo pangilia. Ukipata nafasi ya kuomba kitu kimoja tu, omba usingizi. Mwili unahitaji kipande kimoja cha masaa manne au matano yasiyokatika. Fanya hivi: nyonyesha saa tatu usiku, kamua maziwa kwenye kikombe safi chenye mfuniko, lala chumba kingine. Msaidizi akae na mtoto na kumnywesha kwa kikombe akiamka, wewe uamshwe saa nane. Hata siku tatu kwa wiki zinabadilisha mtu. Nimemwona mama ambaye tulikuwa tunaandika rufaa, akalala hivyo siku nne kwa mama yake, tukairarua karatasi. Si wote wanaopona kwa usingizi, ila bila usingizi sijaona anayepona haraka.

Mgeni akija, mpe kazi. "Shangazi, nisuuzie nepi hizo." Utashangaa, wengi wanafurahi, walikuwa hawajui washike wapi. Na maji ya kukandwa yasiwe ya kuunguza. Tumewahi kupokea wazazi wenye malengelenge mapajani, na mtu mwenye malengelenge halali.

Halafu yale maneno. "Kwa nini maziwa hayatoki?" "Sisi tulizaa nane na hatukulalamika." "Mtoto amekonda, umembemenda?" Neno hilo la kubemenda limeangusha akina mama wengi niliowaona, kwa sababu linamlaumu kwa ugonjwa wa mtoto na hapohapo linamtuhumu uzinzi. Mtoto akikonda aletwe apimwe. Kuna utapiamlo, kuna kifua kikuu, kuna unyonyeshaji usioshika vizuri. Mume anayesimama mlangoni na kusema "mama, hayo tuyaache" anatoa tiba bila kujua.

Hatua ya nne: jipime

Anza na maswali mawili. Katika wiki mbili zilizopita, ni mara ngapi umekuwa na huzuni au kukata tamaa? Ni mara ngapi umekosa hamu au raha ya mambo uliyokuwa ukiyapenda? Kila swali jipe alama: 0 kama hapana, 1 siku chache, 2 zaidi ya nusu ya siku, 3 karibu kila siku. Jumla ikifika 3, nenda ukaulizwe dodoso kamili.

Dodoso la maswali tisa linaloitwa PHQ-9 lina toleo la Kiswahili, na baadhi ya vituo vinalitumia. Kuna lingine lililotengenezwa Uskochi mwaka 1987 kwa ajili ya waliojifungua tu, linaitwa EPDS kwa kifupi, maswali 10, linaangalia siku saba zilizopita. Uzuri wake halikuulizi sana mambo ya mwili, kama hamu ya kula au uchovu, maana mzazi gani hachoki? Linauliza kama unaweza kucheka, kama unajilaumu, kama unaogopa bila sababu. Swali la mwisho linauliza kuhusu kujidhuru. Hilo halisubiri jumla: jibu likiwa lolote zaidi ya "hapana, kamwe", ongea na mhudumu siku hiyohiyo.

Alama si hukumu. Ni kama presha: ikipanda tunaipima tena, tunatafuta sababu.

Hatua ya tano: sema kliniki, na ujue utasema nini

Watu wananiambia, "Nilikwenda, nesi akaniuliza mtoto anaendeleaje, nikasema vizuri, nikaondoka." Ndivyo tulivyo, samahani. Foleni ina akina mama hamsini na sisi wawili. Sentensi ya kujiandaa nayo ni fupi:

"Mtoto mzima. Mimi ndiye mgonjwa. Ni wiki tatu sasa silali hata mtoto akilala, nalia kila siku, na sitaki kumshika."

Angalia ilivyo: inamwondoa mtoto kwenye mazungumzo, inataja muda, inataja vitu vinavyoonekana. Ukisema "nina stresi tu" utaambiwa upumzike. Kama ulimi mzito, iandike kwenye simu umwoneshe nesi. Nimeshasomeshwa simu mara nyingi, wala si ajabu.

Nafasi za kusema ziko nyingi: marudio ya mzazi ndani ya siku 42 za kwanza, kisha chanjo za wiki ya 6, ya 10 na ya 14, halafu miezi tisa. Zote umeshaandikiwa kwenye kadi.

Omba pia upimwe mwili. Upungufu wa damu unamfanya mtu awe kama gogo, na baada ya kujifungua ni jambo la kawaida. Tezi ya shingo inaweza kuvurugika miezi ya mwanzo na kuleta wasiwasi, kisha uchovu na huzuni. Kama unatumia dawa za VVU na usingizi umepotea au ndoto zimekuwa mbaya tangu ulipoanza, sema CTC, yaani kliniki ya tiba na matunzo kwa wenye VVU. Baadhi ya dawa zinafanya hivyo na hutakiwi kuziacha kimyakimya. Washauri wa CTC, kwa taarifa yako, mara nyingi ndio wenye uzoefu mkubwa wa kusikiliza kwenye kituo kizima.

Nesi akikupuuza? Muulize ofisi ya ustawi wa jamii iko wapi, au daktari wa zamu. Tanzania unaweza pia kupiga 199, kituo cha simu cha Wizara ya Afya, bure, uelekezwe kituo chenye huduma ya afya ya akili. Kenya namba 1199 ya Msalaba Mwekundu inatoa ushauri nasaha. Aliye Uingereza amwambie mkunga wake au muuguzi anayetembelea nyumbani, na aombe mkalimani wa Kiswahili, ni haki yake bila malipo. Marekani kuna namba ya akina mama, 1-833-852-6262, usiku na mchana, nao wana wakalimani.

Hatua ya sita: tiba ya mazungumzo inavyokuwa

Wengi wanadhani utalazwa kwenye kochi uulizwe utoto wako. Ngoja nieleze inavyokwenda kwenye chumba kidogo chenye feni mbovu.

Mshauri anaanza kwa kukueleza siri inakaa vipi, na lini hawezi kuitunza: pale uhai wako au wa mtoto ukiwa hatarini. Kisha anauliza jana yako ilikwendaje, saa kwa saa. Mama mmoja alisimulia: mtoto alilia, akajaribu kumnyonyesha, mtoto akakataa, akajiambia "hata mwanangu hanitaki", akamlaza, akajifunika kanga gubigubi mpaka jioni. Mshauri hakumhubiria. Alirudi kwenye lile neno moja. "Mtoto anapokataa ziwa, ni nini kingine kinaweza kuwa?" Pua imeziba. Ameshiba. Joto. Yule mama akakaa kimya, akasema, "Kweli, alikuwa na mafua." Kazi ya nyumbani ya wiki ile ikawa mbili tu: mtoto akikataa ziwa, taja sababu mbili kabla ya kujilaumu, na kila jioni toka nje ukakae kibarazani na jirani dakika kumi. Wiki iliyofuata walianzia hapo.

Hiyo ndiyo tiba, na mtu wa kawaida aliyefundishwa vizuri anaweza kuitoa. Pakistan vijijini, wahudumu wa afya wa kike wasio madaktari walifundishwa kuzungumza namna hii na wajawazito wenye sonona, nyumbani kwao, mara 16 kuanzia mwezi wa mwisho wa mimba. Utafiti uliochapishwa mwaka 2008 ulihusisha akina mama 903: mtoto alipofika miezi sita, waliobaki na sonona walikuwa asilimia 23, wakati kwa wale waliotembelewa kawaida ilikuwa asilimia 53. Shirika la Afya Duniani likakifanya kitabu chao kuwa mwongozo. Zimbabwe nako, tangu 2006, mabibi wanakaa kwenye mabenchi nje ya zahanati na kuwasikiliza watu. Washona, watu wa huko, wana neno lao kwa maradhi haya, kufungisisa, yaani kuwaza kupita kiasi. Mswahili yeyote analielewa bila kamusi.

Ipo pia njia fupi ya vikao vitano vya dakika 90, ambayo ilijaribiwa Nairobi kwa wanawake waliopitia ukatili na ikawapunguzia mateso. Kwa hiyo mtu akikwambia lazima uje mwaka mzima na ulipe kila wiki, muulize kwa nini.

Ukienda kwa mshauri wa kulipia, muulize kabla ya kutoa pesa: umesomea wapi, umesajiliwa na nani, umewahi kuhudumia waliojifungua, vikao vingapi, naweza kuja na mtoto? Hilo la mwisho linamfichua mtu. Asiyetaka mtoto alie chumbani kwake hakufai kipindi hiki. Kikao cha simu kinafaa pia, ila tafuta mahali pa faragha. Namfahamu mama aliyekuwa akifanya vikao vyake ndani ya gari bovu la shemeji yake uani.

Shehe na mchungaji? Nenda. Dua inampa mtu nguvu, na jumuiya inaweza kuleta chakula. Sharti langu ni moja: anayekuombea asikukataze hospitali, asikufungie bila kula, na asimtenge mtoto na ziwa. Akifanya mojawapo, aga kwa heshima uondoke.

Hatua ya saba: dawa

Sonona ya wastani hadi kali mara nyingi inahitaji dawa pamoja na mazungumzo. Swali la kwanza la kila mama ni maziwa. Dawa inayopendekezwa mara nyingi kwa anayenyonyesha ni sertralini, kwa sababu inayopita kwenye maziwa ni kidogo sana. Fluoxetini na amitriptilini ndizo unazoweza kukutana nazo zaidi kwenye vituo vyetu, na daktari atapima faida na hasara kwa hali yako. Mwambie umri wa mtoto, na kama alizaliwa njiti.

Dawa hizi hazifanyi kazi kesho. Zipe wiki mbili hadi nne, wakati mwingine sita. Siku za kwanza unaweza kuhisi kichefuchefu au kuhangaika, na hapo ndipo wengi wanatupa vidonge. Ukishapona pia usiache ghafla. Zinapunguzwa taratibu, kwa kawaida miezi sita au zaidi baada ya kupata nafuu. Dawa ikikupa usingizi mzito, usilale kitanda kimoja na mtoto.

Usinunue vidonge vya usingizi duka la dawa kwa ushauri wa muuzaji. Na kama unatumia sodiamu valproeti, kwa kifafa au kwa akili, muone daktari kabla ya kushika mimba au mara tu ukigundua unayo, maana inaweza kumletea mtoto ulemavu. Usiiache mwenyewe, kwa kuwa kifafa kikirudi kinaua.

Ukiona haya, usisubiri asubuhi

Kichaa cha uzazi kinampata mzazi mmoja au wawili kati ya 1,000, mara nyingi ndani ya wiki mbili za kwanza, na kinaenda kasi. Jana alikuwa mchangamfu kupita kiasi, hajalala siku mbili na hasikii uchovu. Leo anaongea haraka, anaruka mada. Kesho anasikia sauti, anamshuku mama mkwe kumwekea sumu, anasema mtoto si wake au ni malaika. Usimpeleke kwa mganga kwanza. Mpeleke hospitali yenye wodi, sasa hivi. Mtu mzima mmoja akae na mtoto, mwingine akae na mama, wasiachwe wawili hao peke yao hata kwenda chooni. Msibishane naye kuhusu anayoyasikia. Mwambieni "tuko na wewe, tunakwenda kutibiwa". Akitibiwa mapema, anapona na kumlea mwanawe. Nimeliona kwa macho yangu.

Vivyo hivyo kwa anayesema watoto wangekuwa heri bila yeye. Muulize waziwazi: "Unawaza kujiua?" Kuuliza hakumpi wazo. Akisema ndiyo, ondoeni dawa, sumu ya panya, sumu ya kunyunyizia shamba, kamba, na mwende naye.

Kwa baba

Utafiti wa nchi mbalimbali umeonyesha karibu baba mmoja kati ya kumi anapata sonona kipindi hiki, na uwezekano unapanda mama akiwa nayo. Kwake inakuja kama pombe, kuchelewa kutoka kazini makusudi, ukali. Sheria ya kazi Tanzania inampa siku 3 za likizo ya uzazi, Kenya wiki 2. Zitumie kulala mchana na kukesha usiku.

Usimwambie mkeo "jikaze". Mwambie "nimekuona hulali, kesho tunakwenda kliniki wote, nimeshaomba ruhusa". Ukifika, ingia ndani. Wanaume wanasimama chini ya mwembe nje ya geti kana kwamba tutawachoma sindano.

Aliyerudi bila mtoto

Huyu hana kadi ya chanjo, hana wiki ya sita, na ndiyo maana anapotea. Siku ya tatu maziwa yanaingia kama kawaida, na hakuna aliyemwambia. Vaa sidiria inayoshika vizuri bila kubana sana, weka kitambaa cha baridi, kamua kidogo tu ukizidiwa. Marudio ya mzazi ni haki yako hata kama mtoto hayupo. Omba upangiwe siku isiyo ya kliniki ya watoto, au upitie mlango mwingine. Omba kujua mtoto alikufa kwa nini, na kama ulitaka kumwona au kumpa jina, sema. Majirani watakwambia utapata mwingine. Si lazima uwajibu.

Kurudi kazini, na mimba ijayo

Likizo ya uzazi Tanzania ni siku 84, na 100 kwa aliyezaa zaidi ya mtoto mmoja kwa mpigo. Kenya ni miezi 3. Wiki mbili kabla ya kurudi ndipo wasiwasi unapopanda tena, hata kwa aliyekuwa amepona, kwa hiyo panga kikao kimoja na mshauri wako wiki hizo. Anza kumwachia mtoto mlezi saa moja, kisha mbili, wakati bado uko nyumbani.

Na mimba nyingine ikija, sema siku ya hudhurio la kwanza, kabla hata hujapimwa presha: "Iliyopita niliugua sonona." Mwombe nesi aiandike kwenye kadi kwa kalamu nyekundu, palepale tunapoandika kwamba mama ana kovu la upasuaji.